Usimlipe mtu akutolee TIN

Dada yangu, umeuliza uanzie wapi kurasimisha siagi yako ya karanga hapo Morogoro, na kama umlipe huyo kijana anayetaka hela akutolee TIN, yaani namba ya mlipakodi. Usimpe hata senti! TRA, mamlaka ya mapato, hutoa TIN bure. Nenda mwenyewe na namba yako ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa. Jina la biashara husajiliwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kwa mtandao, leseni utaiomba halmashauri.

Kwa chakula, kazi kubwa iko TBS, shirika la viwango. Pitia kwanza SIDO, shirika la viwanda vidogo, mkoani wakupe barua ya utambulisho, maana wajasiriamali wadogo wanaopitia huko hupata alama ya ubora bila malipo. Na tafadhali, usichapishe lebo nyingi kabla TBS hawajaiona. Nilichapisha mapema, nikazitupa zote.