Katoni ya kaseti za marehemu

Jambo Papa. Mimi ni fundi wa sauti, nakaa Katuba, hapa Lubumbashi. Mzee aliyenifundisha kazi amefariki na siku ya kumaliza kilio imekaribia. Miaka 19 alikuwa na kipindi chake redioni kila Jumapili asubuhi. Alikuwa mhafidhina na hakuficha: alitetea mahari, alipinga talaka, aligombeza vijana wanaosema Kifaransa mbele ya bibi yao asiyekijua. Mara nyingi sikukubaliana naye, lakini alinilisha, na nilipooa alisimama upande wangu kama baba. Marafiki zake wanataka sauti yake ipigwe pale kilioni tangu asubuhi hadi jioni. Kaseti ziko kwangu, 63, katoni nzima. Shida ni moja kati ya hizo. Mama mmoja muuza mboga alimwandikia barua kuomba shauri juu ya mtoto wake. Mzee akaisoma hewani, akamtukana kwa kuwa alizaa bila mume. Mama huyo yuko hai, mpaka leo anauza lengalenga sokoni. Mjane anasema kaseti hiyo niichome. Wenzangu wanasema niifiche tu. Nifanye nini?
Fundi wa Katuba

Mwanangu, pole sana. Tuokoe kaseti kwanza, maneno yatangoja.

Usichome kitu. Na usipige hata moja kabla hujavunja vile vidole viwili vya plastiki vilivyo mgongoni mwa kila kaseti. Najua wewe ni fundi na unajua, lakini siku ya kilio nyumba inajaa wasaidizi. Kwetu kijana alibonyeza vitufe viwili kwa pamoja, na pale palipokuwa na mahojiano ya nusu saa tukabaki na sauti ya feni na mtu anakohoa. Kaseti yenye ukungu mweupe pembeni mwa utepe itenge, usiipitishe kwenye mashine utakayotumia kwa nyingine. Za dakika 90 zina utepe mwembamba kuliko za 60: zizungushe mpaka mwisho na uzirudishe kabla ya kusikiliza, utepe ulegee. Usiguse kazi hiyo saa ambazo umeme unacheza. Ukikatika katikati, gurudumu la mpira linabaki limeubana utepe, na siku utakaporudi utavuta tambi. Kwenye kompyuta weka WAV, achana na MP3 kwa nakala ya kutunza. Nakala ya pili ilale nyumba nyingine, ikiwezekana komini nyingine.

Sasa mzee mwenyewe.

Nilikuwa na rafiki wa namna hiyo. Tulikaa chumba kimoja cha habari, mimi kazi yangu kusikiliza redio za nje na kutafsiri, yeye kusoma taarifa ya saa kumi na mbili. Alikuwa mtu wa zamani kwa hiari yake. Alivaa tai hata redioni ambako hakuna anayekuona, na aliamini nchi iliharibika siku watoto walipoanza kukaa kabla wakubwa hawajakaa. Tulibishana kila siku ya kazi ambayo Mungu alituletea. Alipokufa wakaniambia niseme. Nilisema dakika ishirini, nimeandika, karatasi tatu: mpole, mvumilivu, msikivu. Watu walinitazama kama mtu anayesoma bei za saruji. Nilipokaa, akasimama zamu wa getini, bila kuitwa. Akasema: “Huyu mzee alikuwa anafika saa kumi na dakika arobaini za usiku, na kila siku ananigombeza kuwa getini kuna uchafu, na kila siku anauliza mtoto wangu wa tatu amepata ngapi shuleni. Siku mtoto alipoanguka mtihani aligombeza mimi, si mtoto. Halafu akalipa mwaka wa pili.” Hapo ndipo mama mmoja upande wa kulia akalia kwa sauti, na kilio kikaanza kweli.

Nimeeleza hayo kwa sababu wenzako wanaotaka kuficha kaseti wanaandika karatasi yangu ile ya kurasa tatu.

Kuhusu kupiga sauti kutwa nzima, hilo limeshajaribiwa kwa mtu mkubwa kuliko mzee wako. Rush Limbaugh, mtangazaji mhafidhina mwenye jina kuliko wote Marekani. Mwaka 1987 serikali yao iliondoa kanuni iliyowabana wenye redio kuupa nafasi na upande wa pili. Tarehe 1 Agosti 1988 kipindi chake kikaanza kusikika nchi nzima, kwa muda wa saa tatu kila siku, anasema bila kusoma. Mwaka 2001 masikio yake yakaziba na hakuacha kazi. Waliompenda walimpenda kama ndugu, na waliomchukia hawakumkosa hata siku moja, nadhani. Alipokufa kwa saratani ya mapafu, 17 Februari 2021, mke wake ndiye aliyefungua kipindi na kuwaambia wasikilizaji. Kisha, hadi mwezi wa sita walipoingia watangazaji wawili wapya, saa zile zilijazwa vipande vya sauti yake ya zamani. Mpwa wangu anayeendesha lori kule alinitumia kidogo nisikie. Sauti ni nzuri, ina nguvu. Lakini mtu aliyeishi kwa kugombana na habari za asubuhi ile ile, ukimsikia anagombana na habari za mwaka juzi, unaona kabisa kuwa hayupo. Mzee wako naye alikuwa mtu wa barua za wiki ile. Kutwa nzima itamchosha hata aliyempenda. Vipande viwili vinatosha: kimoja anapowashinda watu kwa hoja, kimoja anaposhindwa yeye na mgeni wake, kwa sababu katika kaseti 63 lazima kuna siku alishindwa. Halafu zima mashine, uwaache waliobishana naye waseme.

Ile kaseti moja imeniuma kuliko unavyodhani. Mimi nakula kwa barua za watu. Mama ameandika kuomba shauri, akapigwa kofi mbele ya mji mzima.

Anza na kaseti za wiki mbili tatu zilizofuata, uzisikilize mpaka mwisho. Watu wa mdomo mwingi hurudi. Huyo Limbaugh mwaka 2012 alimtukana msichana mwanafunzi wa sheria siku tatu mfululizo, na matangazo ya biashara yalipoanza kukimbia, akaomba radhi kwa maandishi. Radhi ya namna hiyo ina harufu ya hesabu, lakini ipo, na anayesimulia tusi bila kuitaja anadanganya sawasawa na anayetaja radhi bila tusi. Labda mzee wako alirudi Jumapili moja kwa nusu sentensi, katikati ya mambo mengine. Ukiipata, andika tarehe.

Kisha nenda sokoni. Usibebe mashine. Nunua lengalenga, na bei usipunguze. Mwambie kaseti ipo, iko kwako, hakuna aliyeisikia tena, na umuulize anatakaje. Akisema isisikike, haisikiki, hata akija waziri kuiomba. Akisema ifutwe kabisa, hapo mimi ningemwomba anikubalie nifunge ile ya asili kwenye bahasha na kuandika jina lake kama mwenye ruhusa; akikataa na hilo, nafuta. Ni barua yake. Najua wapo watakaosema historia ni ya wote. Hao hawakutukanwa.

Na mama mjane usimletee hoja. Fikiri kidogo: Jumapili ile yeye alikuwa nyumbani, redio iko jikoni, na kesho yake ni yeye aliyebeba kikapu kwenda soko lile lile. Mume alitukana mara moja. Yeye amepita mbele ya meza ya yule mama miaka yote hii. Mwambie unakwenda kuongea na muuza mboga. Usishangae akisema mwende pamoja.

*

Papa, toleo lililopita ulimsifu Mmarekani William F. Buckley, ukasema yeye alikuwa mhafidhina wa kweli lakini alifanya urafiki na wapinzani wake, na kwamba waandishi wetu wangejifunza kwake. Je, unajua gazeti lake liliandika nini juu yetu Waafrika, na juu ya Katanga?
Mwanafunzi, UNILU (Chuo Kikuu cha Lubumbashi)

Najua. Nilijua hata nilipokuwa naandika, na nikaruka, kwa sababu ukurasa ulikuwa umejaa na mimi nilikuwa natafuta mfano mzuri. Yule fundi hapo juu angekuwa na haki ya kunicheka.

Tuliloandika si uongo. Buckley alianzisha gazeti la National Review mwaka 1955 na aliendesha mjadala wa televisheni tangu 1966 hadi 1999, akiwaita mezani watu asiokubaliana nao na kuwaacha wamalize sentensi. John Kenneth Galbraith, mwanauchumi wa upande wa pili kabisa, alikuwa rafiki yake wa miaka mingi. Buckley alikufa Februari 2008 katika chumba chake cha kuandikia, na hilo kwa mwandishi ni kama dereva kufa ameshika usukani, ila bila abiria.

Lakini mwaka 1957 gazeti hilo liliandika kwamba wazungu wa kusini mwa Marekani wana haki ya kutawala hata mahali walipo wachache. Mwaka 1965 alikwenda Cambridge, Uingereza, kubishana na James Baldwin, mwandishi mweusi wa Marekani, mbele ya wanafunzi, wakapiga kura: Baldwin 544, Buckley 164. Na juu ya mji wetu: watu wake walikuwa mstari wa mbele kumtetea Moïse Tshombe, kiongozi wa Katanga. Kwao Katanga iliyojitenga na Kongo Julai 1960 ilikuwa ukuta dhidi ya ukomunisti, na ONU, yaani Umoja wa Mataifa, iliyoleta askari hapa ndiyo mwonevu. Machi 1962 vijana wahafidhina wa Marekani walijaza ukumbi wa Madison Square Garden mjini New York. Tshombe alikuwa apewe heshima pale, serikali yao ikamnyima viza.

Mimi wakati ule nilikuwa mtoto mdogo wa Élisabethville, Lubumbashi ya leo, na sikujua kama kuna mji unaoitwa New York. Nilichojua ni kwamba shuleni kwetu madawati ya nyuma yalibaki matupu, kwa sababu Waluba wa Kasai walikuwa wamekimbilia kambini kwa ONU. Mama wa mke wangu alilala katika kambi ile mwaka 1961, na mpaka anakufa hakuweza kuona turubai bila kusema neno. Jirani yetu upande wa kushoto alipiga vigelegele kwa bendera ya Katanga, yenye misalaba mitatu ya shaba, na yeye pia alikuwa mtu mwema, alitupa chumvi. Hivyo ukiniuliza kama Tshombe alistahili heshima ile ya New York, nyumbani kwangu tu utapata majibu mawili, na moja litakuja na sahani kuwekwa mezani kwa nguvu. Hao wa New York walichagua jibu moja wakiwa mbali sana na turubai.

Buckley mwenyewe alirudi nyuma, kiasi. Mwaka 2004, akiwa mzee, aliulizwa kama kuna jambo alilowahi kuamini na sasa anajuta, akajibu kuwa alidhani ubaguzi wa kusini ungeisha polepole wenyewe, na alikosea: ilibidi serikali kuu iingilie. Maneno machache, baada ya miaka karibu hamsini. Juu ya Katanga sikuwahi kukutana na neno la namna hiyo kutoka kwake.

Kwa hiyo sifuti nilichoandika. Nakiongeza. Anayetaka kujifunza kwa Buckley ajifunze namna alivyomwita mpinzani mezani, na akumbuke kura za Cambridge, kwa kuwa hata mezani unaweza kupigwa vizuri ukiwa umekosea. Na wewe mwanafunzi, asante. Rafiki yangu wa tai angekupenda, halafu angekugombeza kwa kuandika “Papa” bila salamu.

*

Papa, jambo. Kamati ya kilio imeamua kila mtu anunue kitenge chenye picha ya marehemu. Mimi biashara imelala, sina hizo franka. Nikienda na kikwembe changu cha kawaida, watasema nimemdharau? Alikuwa rafiki yangu kweli.
Mama wa Kamalondo

Mama, nenda. Picha ile inafifia kwenye maji ya tatu, na wanaohesabu nani amevaa nini ni wale waliofika saa ya kula. Kama una kitu kidogo, peleka makala, yaani makaa ya moto. Wanaokesha wanakunywa chai usiku kucha, kila mtu analeta sukari, na kufika saa nane za usiku moto unazimika kwa sababu hakuna aliyefikiria makala. Beba kifuko kimoja, kiweke mwenyewe pembeni ya mbabula, na ukae karibu na wale wanaosimulia.