Regedit Ikisema Hakuna, Iulize Imetafuta Wapi

Wewe unayeanza kazi ya kutengeneza kompyuta, kuna siku utafungua regedit, programu ya kuhariri rejistri (hifadhi ya mipangilio ya Windows na programu zake), ubonyeze Ctrl+F, uandike jina la programu iliyogoma kufutika, kisha uambiwe kwamba utafutaji umekwisha. Usikimbilie kumwambia mwenye kompyuta kuwa rejistri yake ni safi. Ujumbe ule maana yake ni kwamba regedit imefika mwisho wa safari uliyoituma, na huenda uliituma njia fupi kuliko ulivyodhani.

Angalia kwanza ilianzia wapi. Regedit hutafuta kuanzia ufunguo (folda ya rejistri) uliouchagua kwenda chini, na ikifika mwisho husimama. Haizunguki kurudi juu. Tena kila ukiifungua hukurudisha pale ulipoiachia mara ya mwisho. Kama uliishia ndani ya HKEY_USERS, basi HKEY_LOCAL_MACHINE nzima, ambako programu nyingi huweka mipangilio yake, itarukwa kimyakimya. Panda hadi kwenye neno Computer kileleni mwa mti, bofya hapo, ndipo utafute. Kuendelea na tokeo linalofuata ni F3.

Vile visanduku vya tiki navyo hukumbukwa. Vitatu huchagua mahali pa kutazama: funguo, majina ya thamani (mipangilio iliyomo ndani ya funguo), na data ya thamani hizo. Cha nne hudai maandishi yalingane yote kwa yote, na hicho ndicho msumbufu. Tiki ikibaki humo, ukaandika jina la programu wakati data yenyewe ni njia ndefu ya faili yenye jina hilo katikati, hutapata kitu. Herufi kubwa na ndogo hazina shida, regedit haizibagui.

Sasa jambo linalowapotezea wageni muda kuliko yote: regedit hutafuta maandishi tu. Namba iliyohifadhiwa kama REG_DWORD haiipati, hata ukiiona kwa macho yako upande wa kulia wa dirisha. Data ya REG_BINARY, yaani baiti ghafi, vilevile. Tuseme unaitafuta thamani iliyobeba namba ya poti 8080. Fungua mstari wa amri, andika reg query HKLM\SOFTWARE /s > orodha.txt (HKLM ni kifupi cha HKEY_LOCAL_MACHINE), usubiri, kisha utafute 0x1f90 ndani ya faili hilo, kwa sababu namba huandikwa humo kwa mfumo wa kumi na sita. Faili litakuwa kubwa, lakini notipadi yoyote nzuri italimudu.

Wengi hupenda badala yake kutoa nakala ya rejistri kwenye faili la .reg na kutafuta humo. Mimi siipendi njia hiyo kwa kazi ya kutafuta. Ndani ya faili la .reg kila mkwaju wa nyuma kwenye data huandikwa mara mbili, na data za aina ya REG_EXPAND_SZ (maandishi yenye vibadala kama %ProgramFiles%) na REG_MULTI_SZ (maandishi ya mistari mingi) hugeuzwa kuwa safu za tarakimu za heksa, yaani za mfumo wa kumi na sita. Njia ya faili unayoisaka inaweza kuwa mbele yako na usiitambue.

Hata maandishi ya kawaida hujificha kwa tahajia. Folda ya C:\Program Files inaweza kuwa imeandikwa %ProgramFiles%, au PROGRA~1 kwa jina lake fupi la zamani. Ndiyo maana sitafuti njia nzima. Natafuta kipande kifupi kisicho na mwenzake, mara nyingi jina la faili la .exe peke yake. Na kama programu ni ya biti 32 kwenye Windows ya biti 64, tazama pia chini ya WOW6432Node, ufunguo ambako Windows huweka mipangilio ya programu kama hizo.

Upande wa pili kuna tatizo la kupata kingi mno. HKEY_CLASSES_ROOT ni mwonekano uliounganishwa wa Software\Classes za HKLM na HKCU (HKEY_CURRENT_USER kwa kifupi), na HKEY_CURRENT_USER ni mlango wa kuingilia tawi mojawapo la HKEY_USERS. Kitu kimoja kitajitokeza mara mbili au tatu. Usishangae ukifuta mahali pamoja na pengine pakafutika.

Kuna pia sehemu ambazo hufikishwi kabisa. Funguo za SAM na SECURITY, zenye siri za akaunti na usalama, hazisomeki hata kwa msimamizi wa kawaida. Mipangilio ya mtumiaji ambaye hajaingia kwenye kompyuta haimo kwenye mti. Imelala katika faili lake la NTUSER.DAT. Chagua HKEY_USERS, ulipakie faili hilo kupitia menyu ya File, na ukimaliza ulitoe. Ukisahau kulitoa, mwenye akaunti anaweza kupata shida akiingia.

Ukiwa umepita kote huko na bado hujaona, geuza swali. Washa Process Monitor ya Sysinternals, chombo kinachoonyesha programu zinagusa nini kwenye rejistri na faili, ichujie jina la programu husika, uifungue programu, uone yenyewe inasoma funguo zipi.

Na kabla ya kufuta ulichokipata, toa nakala ya ufunguo huo. Jua tu kwamba kuirudisha nakala ya .reg hujazia na kuandika juu ya vilivyopo. Thamani mpya zilizoongezwa baadaye haiziondoi, hizo utazifuta kwa mkono.