Flashi ikitoka steshenari, ifungulie kwenye kompyuta pepe

Flashi iliyopelekwa steshenari kuchapisha kurasa tatu hurudi na mzigo mara nyingi: folda zote zimegeuka shotikati, na ukibofya moja tu, kirusi kimeshahamia kwako. Kurundika antivairasi hakutoshi. Tenga kompyuta ya kuchafuka ndani ya kompyuta yako, yaani kompyuta pepe inayoendeshwa na programu; VirtualBox ni programu ya bure na inaifanya kazi hii vizuri.

Anza na prosesa. Kwenye Windows fungua Task Manager, Performance, kisha CPU. Mbele ya neno Virtualization (uwezo wa prosesa kuendesha kompyuta pepe) pasomeke Enabled. Pakisomeka Disabled, ingia BIOS (mipangilio ya kompyuta inayofunguliwa kabla Windows haijawaka) uwashe Intel VT-x, au SVM Mode kama prosesa ni ya AMD.

Ndani ya kompyuta pepe sakinisha mfumo endeshi wa Linux Mint, toleo lake jepesi la Xfce, si Windows. Ni nyepesi, na virusi vingi vya flashi vimeandikwa kwa ajili ya Windows, hivyo humo havipati pa kushika. Kama una RAM ya GB 8, igawie GB 3 au 4. Ukizidisha nusu, kompyuta yenyewe itaanza kukwama. Diski ya GB 25 inayokua kidogo kidogo yatosha, ila ujue haipungui yenyewe ukifuta vitu. Ukishasasisha kila kitu, izime kabisa ndipo upige snapshoti, yaani nakala ya hali yake ya wakati huo unayoweza kuirudia. Ukiipiga inawaka, yaliyomo kwenye RAM nayo huhifadhiwa na kula nafasi bure.

Kinachowaponza wengi ni milango wanayoifungua wenyewe kwa kutafuta urahisi. Folda ya pamoja yenye ruhusa ya kuandika ni daraja: kirusi cha kufunga mafaili kikiwa ndani kitayafunga na hayo yaliyo nje. Usiiweke. Acha pia kunakili na kuburuta vitu kati ya pande mbili kama ulivyovikuta, vimezimwa. Mtandao wa NAT, ambao kompyuta pepe hutoka nao mtandaoni kwa mgongo wa kompyuta yako, nao unaaminiwa kupita kiasi. Humzuia wa nje asiingie, lakini aliye ndani bado anaifikia ruta na printa yako. Unapokagua flashi, ondoa tiki ya Cable Connected kwenye mipangilio ya mtandao, ili kompyuta pepe isiwe na mtandao.

Kabla ya kuchomeka flashi, ongeza kichujio kitupu (kisichotaja kifaa chochote, hivyo hunasa kila kinachochomekwa) kwenye mipangilio ya USB ya VirtualBox na uiwashe kompyuta pepe, ili flashi ikamatwe na Mint badala ya Windows. Kichujio hicho kinaweza kunasa hata mausi ya USB, kwa hiyo tumia padi ya laptop.

Mint haijali alama ya kuficha ya Windows, hivyo folda zako halisi zitaonekana. Tazama vizuri: mara nyingi kuna folda moja inayoonekana kama haina jina, kwa sababu jina lake ni nafasi tupu. Nyaraka zako zimo humo. Zihamishe nje ya folda hiyo, hapo hapo kwenye flashi, kisha futa mafaili ya .lnk (shotikati), .vbs (skripti) na autorun.inf ambayo kirusi huyatumia. Ukimaliza rudisha snapshoti, lakini kumbuka inasafisha kompyuta pepe tu, haiigusi flashi.

Sasisha VirtualBox kila toleo linapotoka. Mwaka 2015 kasoro iliyoitwa VENOM, kwenye kidhibiti cha diski za flopi ambazo karibu hakuna aliyekuwa akizitumia tena, ilitoa mwanya wa kutoka ndani ya kompyuta pepe hadi kwa mwenyeji, yaani kompyuta yenyewe. Kifaa usichokihitaji, kiondoe kwenye mipangilio.

Faili la Word lenye makro, yaani programu ndogo iliyofichwa ndani ya waraka, bado ni hatari likitoka humo. Ligeuze PDF kwa programu ya ofisi ya LibreOffice ukiwa ndani, utoke na PDF peke yake.