Chavua ya michungwa ni kidogo? Usikubali kuitwa tapeli

Mleta uzi, umesema maabara imekuta chavua ya michungwa asilimia 14 tu kwenye asali yako, na mnunuzi ameikataa akidai si ya michungwa. Pole sana. Hata mimi yalinikuta, tena mizinga nilikuwa nimeiweka katikati ya shamba la michungwa lililochanua lote.

Ile asilimia 45 wanayoing'ang'ania, kwamba asali ikiitwa ya ua fulani basi angalau asilimia 45 ya chavua yote iliyomo iwe ya ua hilo, ni kanuni ya jumla tu. Ua la mchungwa lina nekta tele na chavua haba, na baadhi ya aina zake chavua ni tasa. Ndiyo maana kwa asali hii hata asilimia 10 hadi 20 hukubalika.

Mwambie mpimaji atafute kilichokuja na nekta yenyewe. Kwanza kemikali iitwayo hesperetini. Nekta ya mchungwa ina hesperidini, yaani hesperetini iliyoshikana na sukari. Vimeng'enya vya nyuki huikata ile sukari, na kwenye asali inabaki hesperetini. Huo ni ushahidi mzuri. Pili methili anthranilati, sehemu ya ile harufu ya maua inayokupokea ukifunua ndoo. Hii ni dhaifu mbele ya joto na umri. Niliwahi kuipasha moto ndoo nzima iliyoganda. Ikayeyuka, ikang'aa vizuri, lakini nilipoinusa ile harufu haikuwepo tena. Iliniuma. Kwa hiyo kiwango kidogo cha anthranilati kwenye asali ya zamani kisitumike kukuhukumu.

Kuwa makini na ripoti yenye majina mengi ya kemikali. Ya kwanza kwangu ilijaa pinosembrini na krisini, nikadhani nimepata uthibitisho. Kumbe hizo hutoka kwenye gundi ya nyuki, ambayo huikusanya kwenye utomvu wa miti. Kuhusu ua hazisemi lolote.

Wala usitegemee alama moja. New Zealand, tangu 2018, asali ya manuka (kichaka cha huko) inayouzwa nje hupimwa kemikali 4 pamoja na DNA ya mmea wenyewe, kwa sababu kemikali moja peke yake hupatikana pia kwenye asali za maua mengine.

Kama una chupa ambayo haijapashwa moto, peleka hiyo, na tarehe ya kurina uiandike kwenye fomu. Ukipata majibu yaweke hapa, nitakusaidia kuyasoma.