Zari ni uzi au ni kitambaa?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mama mkwe amenipa kitambaa chake cha ujanani, chekundu, chenye maua ya rangi ya dhahabu. Yeye anakiita zari. Fundi wangu anabisha, anasema zari ni ule uzi unaong'aa tu. Tena maua yameanza kuwa meusi, na fundi anaona nimepewa bandia. Nani mkweli?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kwenye neno, wote wawili wamesema kweli. Asili yake ni Kiajemi: zar ni dhahabu, na zari ni kitu cha dhahabu. Kiswahili hutumia jina hilo kwa uzi, na pia kwa kitambaa kilichofumwa kwa uzi huo. Waajemi wakitaka kupambanua huongeza neno: zarbaft ni kilichofumwa kwa dhahabu, zardozi ni dhahabu iliyoshonwa kwa sindano juu ya kitambaa kilichokwisha kufumwa. Naipenda sana tofauti hiyo, maana inakwambia maua yaliingia lini. Geuza chako utazame nyuma. Ukiona nyuzi za zari zimelala sambamba na mshindio (nyuzi zinazopita kwa upana), zikivuka mtande (nyuzi za urefu) kutoka ua hadi ua, basi maua yalizaliwa pamoja na kitambaa.

Kwenye weusi, fundi ameharakisha: weusi peke yake hauthibitishi kuwa ni bandia. Zari ya zamani haikuwa dhahabu tupu. Waya wa fedha uliopakwa dhahabu ulibapwa hadi ukawa utepe mwembamba, kisha ukazungushwa juu ya uzi wa hariri. Niliwahi kufumua kipande cha ukingo wa shela ya marehemu bibi yangu, nikakitazama kwa kioo cha kukuzia: ndani mlikuwa na hariri nyekundu, laini kama unywele. Dhahabu ya juu ikilika, fedha hukutana na hewa ikasawijika. Zari nyingi za siku hizi ni plastiki yenye utando wa metali. Hizo hazigeuki hivyo. Ila zipo pia za shaba iliyopakwa fedha, nazo huwa nyeusi, kwa hiyo mpelekee sonara akupimie kabla hujamjibu fundi.

Usiyasugue maua kwa dawa ya kung'arishia vyombo, utamaliza dhahabu iliyobaki. Kifunge kwa kitambaa safi cha pamba, usikinyunyizie manukato, na kila baada ya miezi michache ubadilishe mikunjo, kwa sababu utepe wa zari hukatikia pale pale ulipokunjwa.