Barua pepe haina tiki za bluu

Msomaji wa Mafinga anauliza: Jumatatu alituma maombi ya kazi kwa ofisi moja ya Mbeya, leo Alhamisi kimya. Atajuaje kama yamefika na kusomwa? Hayo ni maswali mawili.

Anza na folda ya Zilizotumwa. Bando likikata wakati vyeti vinapanda, barua hubaki kwenye foleni ndani ya simu, nawe unadhani umemaliza. Kagua anwani herufi kwa herufi; .co.tz ikiandikwa .com, huenda imekwenda kwa watu wengine.

Ikikwama njiani, kwa kawaida utaletewa taarifa na mailer-daemon, jina linalotumiwa na seva (kompyuta inayosafirisha barua) ikikujibu yenyewe. Wengi huifuta wakidhani ni utapeli. Isome, tafuta namba. 550 5.1.1 ni anwani isiyokuwepo. 5.2.2 ni kikasha kilichojaa: Gmail ya bure ina GB 15, na picha za simu zinazohifadhiwa Google Photos zinakula humohumo. Namba ikianza na 4, kikwazo ni cha muda na seva itajaribu tena yenyewe, pengine kwa siku kadhaa, kwa hiyo usirundike nakala.

Uzito nao ni mtego. Kikomo cha Gmail ni MB 25, lakini kiambatisho kikifungashwa kwa safari huongezeka kama theluthi moja, hivyo cha MB 20 kinaweza kugoma. Mwambie kijana wa stesheneri askani kwa dpi 200 (kipimo cha ukali wa picha), rangi ya kijivu, vyeti vyote kwenye PDF moja.

Usipopata taarifa yoyote, huenda seva yao imepokea. Kama imeiweka kikashani au kwenye barua taka, hutaambiwa.

Kusomwa je? Outlook, programu ya barua ya Microsoft, inaweza kuomba risiti ya kusomwa, ila mpokeaji ana haki ya kukataa. Gmail ya kawaida haina kabisa. Risiti ni za baadhi ya akaunti za kazini na shuleni. Programu za kufuatilia hupachika kapicha kasikoonekana, kakipakuliwa zinahesabu barua imesomwa, na tangu 2021 Mail ya Apple inaweza kukapakua kabla barua haijafunguliwa. Unaambiwa “imesomwa” mhusika akiwa bado kwenye daladala. Usizilipie.

Malizia barua kwa swali jepesi kujibiwa: “Naomba kujua kama PDF imefunguka.” Siku tatu za kazi zikipita, piga simu masjala. Amkia, taja tarehe, saa na kichwa cha barua, kisha omba watafute anwani yako hadi kwenye barua taka ukiwa bado hewani.