Gari linalokula oili: pima kwanza kabla ya kufungua injini

Ndugu yangu, umeeleza kwamba gari lako la mwaka 2003 hula lita moja ya oili kila kilomita 800, kwamba chini halidondoshi hata tone, na kwamba fundi anataka kufungua injini mara moja. Mimi ningemzuia kwanza. Chunguza moshi: ukiwa wa bluu asubuhi unapowasha gari, kisha ukapungua, mara nyingi sili za valvu (mipira midogo inayozuia oili isiingie kwenye silinda) zimekauka, na hizo huweza kubadilishwa bila kushusha injini; lakini moshi huo ukitoka unapopanda mlima au kukanyaga mafuta, shuku ringi za pistoni, yaani pete zinazoziba nafasi kati ya pistoni na silinda. Mwombe fundi apime mgandamizo wa hewa katika kila silinda, kisha arudie baada ya kutia oili kidogo ndani, kwa maana kipimo kikipanda, ringi zimechoka. Hata hivyo, ringi za oili zilizonata kwa masizi huweza kupitisha oili ingawa mgandamizo ni mzuri. Kabla ya yote hayo, kagua valvu ndogo inayoondoa mvuke uliomo ndani ya injini, kifaa cha bei nafuu ambacho mafundi hukisahau. Kwa sasa, pima oili kila unapojaza petroli, gari likiwa mahali tambarare, wala usingoje taa nyekundu ya oili kwenye dashibodi, kwani hiyo huwaka presha ya oili ikishaanguka.